Mposaji, Kaa wa Mbwera na Pistoni Iliyomeguka

Alhamisi, Kibiti. Manyunyu tangu alfajiri, hayo yasiyomlowesha mtu wala kumwacha mkavu. Matope mbele ya gereji yanateleza kama mlenda. Nimeamka na hasira, na sijui kama ni za leo au ni za jana zimelala na mimi.

Mwanangu Siwema ndiye aliyenifungulia ukurasa huu. Alisema, "Baba, hasira zako ziandike, usiwamalizie wateja." Basi naandika. Wateja, mshukuruni Siwema.

Wiki hii nimedharau watu wengi kuliko kawaida yangu, na kawaida yangu si haba.

Kisa ni pistoni. Tena si pistoni za gari langu. Ni pistoni za mtu anayetaka kunichukulia mwanangu.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza, mie ni fundi injini. Ujana wangu niliumalizia Dar, kwenye gereji moja iliyokuwa ikiandaa magari ya mbio. Mikono hii imefunga injini zilizokuwa zikinguruma mpaka watu wanaacha chai yao wanakuja kutazama. Sasa nafungua mashine za kukoboa mpunga za watu wa Chumbi na malori ya mkaa. Sijutii. Ila mtu asije kunifundisha pistoni.

Siwema ni mtoto wangu wa pekee, na ndiye jicho langu. Mikromita, kile kifaa cha kupimia unene mdogo kama wa unywele, siku hizi namba zake sizioni hata nivae miwani. Naishika, namwita, ananisomea. Hajawahi kunisomea namba ya uongo.

Mwezi uliopita wakaja watu wa Mbwera kumposa.

Walikuja kwa adabu zote, siwezi kuwasingizia. Mshenga wao ni Mzee Kibwana, ambaye maisha yake yote kakata mikoko na kuuza boriti, na injini pekee anayoijua ni ile ya kupachika nyuma ya boti. Anayeoa ni mpwa wake, anaitwa Faraji. Kazaliwa Mbwera, kakulia Mbagala. Kazi yake ni kununua kaa hai kwa ndugu zake wa visiwani, kuwapokea Nyamisati boti zinapotia nanga, na kuwakimbiza Dar kabla hawajafa, maana kaa aliyekufa hana mnunuzi. Nikawajibu kama anavyojibu baba yeyote mwenye akili zake: nimesikia, nitawaita.

Kwetu, posa ikishaingia na jibu halijatoka, mposaji na baba wa binti hawaonani uso kwa uso. Mwenye neno analipitisha kwa mshenga. Ni desturi nzuri, inamwepusha mtu na mengi.

Lakini haikuwekwa kwa ajili ya mtu ambaye gari lake limekufa mlangoni kwangu.

Jumamosi lori la mbao likaingia gerejini linavuta gari dogo jekundu aina ya Altezza. Dereva wa lori hakujua lolote. Alimkuta kijana kakwama njiani, akamwonea huruma, akamwambia fundi wa gari kama hilo Kibiti nzima ni mmoja. Mwenye gari, Faraji mwenyewe, alikuwa ndani, ameshika usukani. Aliponiona nimesimama mlangoni na bisibisi mkononi, alifungua mlango likiwa bado linatembea, akaruka, akakata kona nyuma ya banda la mkaa, akapotea. Altezza likaja lenyewe mpaka likagota kwenye rundo la matairi yangu mabovu.

Mtu mzima. Ana ndevu.

Na gari lenyewe sasa. Limeshushwa chini kiasi kwamba tuta la shuleni linavukwa kwa dua. Bomba la moshi limepanuliwa mdomo kama sufuria ya shughuli. Kwenye kioo cha mbele kabandika maandishi makubwa: MOLA HACHELEWI. Sawa, Mola hachelewi. Pistoni ya pili ndiyo iliyowahi.

Nikafungua kichwa cha injini, Siwema kanishikia taa. Pistoni ya pili ukingo wake unaoshika ringi umemeguka kama biskuti ya mtoto. Silinda ina michirizi. Siwema aliitazama akasema neno moja tu, "Tabo." Nikamwambia ndiyo, tabo, kile kifaa cha kuishindilia injini hewa.

Nieleze, maana najua wapo wanaosoma hapa ambao pistoni kwao ni hadithi. Pistoni ni kile kikopo cha aluminiamu kinachopanda na kushuka ndani ya silinda. Mafuta yanawaka juu ya kichwa chake, kinasukumwa chini, gari linakwenda. Pistoni za kawaida zinatengenezwa kwa kumimina aluminiamu iliyoyeyuka kwenye kalibu. Zinatosha mtu mwenye adabu. Haziongezeki sana zikipata joto, kwa hiyo zinakaa kwenye silinda kwa kubanana, na gari linaamka kimya.

Za mbio zinafuliwa. Kipande kizima cha aluminiamu kinagandamizwa kwa nguvu mpaka kiwe pistoni, kama mhunzi anavyofua jembe. Hizo zinavumilia kipigo. Vijana wa Dar wanaziita foji, neno ambalo kwetu ni la vyeti vya kughushi, na nikiwatazama wanaozitaka naona neno limepata wenyewe. Nazo ziko za aina mbili. Ziko zilizochanganywa silikoni nyingi, hazivimbi sana, zinafaa gari la kila siku lenye nguvu. Na ziko zenye silikoni kidogo mno, ngumu kweli kweli, za mbio tupu. Hizo zikipata moto zinavimba, kwa hiyo lazima uziachie nafasi kubwa kwenye silinda. Asubuhi, kabla hazijapata joto, zinagonga.

Na hapo ndipo mafundi wetu wanapoharibu. Huku injini inahukumiwa na majirani. Ikigonga asubuhi, aibu ya fundi; watu wanaoswaki nje wanatikisa vichwa. Basi fundi anaibana. Anaweka pistoni ya kufuliwa kwa kipimo cha pistoni ya kumimina, ili iamke kimya asifiwe. Inaamka kimya kweli, anasifiwa kweli. Ikifika Mkuranga pistoni imevimba, imeshika silinda, injini imekufa. Fundi anasema ni hasidi. Nimeziona nyingi, na kila moja ilisifiwa.

Huyu mposaji yeye hakufika hata kwenye kosa hilo. Alichukua injini ambayo tangu kiwandani inagandamiza hewa sana, yenye pistoni za kumimina, akaifungia tabo ya kuishindilia hewa zaidi. Mafuta yakawa yanawaka kabla ya wakati wake, kila mwako rungu la kichwa. Ni sawa na kumtwisha mtoto wa madrasa gunia la mpunga, ukaongeza la pili, halafu ukashangaa magoti.

Eti kwa sababu ya kaa. Kaa wawahi. Kaa wenyewe hata hawaendi kwa haraka hiyo.

Jumapili Mzee Kibwana akaja. Kavuka kutoka Mbwera kwa boti mpaka Nyamisati, kapanda bodaboda mpaka kwangu, kapu la kaa kwenye mapaja. Kaa wakubwa, wamefungwa magando kwa kamba, wanatoa mapovu. Akanisalimia, nikamwamkia, tukaulizana hali za watu wote wa bara na visiwani. Kisha akasema mposaji anaomba radhi kwa usumbufu wa gari, na kwamba kaa ni salamu tu.

Salamu! Mie mtoto wa juzi? Kwetu, ukila cha mposaji kabla hujajibu, umeshajibu. Kila mtu anajua hilo, na Mzee Kibwana analijua kunishinda. Nikamwambia kaa watakaa uani chini ya gunia bichi mpaka nitoe jibu. Wakifa, wamekufa. Mama Siwema alinitazama kama anatazama mtu aliyetukana msikitini. Mke wangu ni mtu wa Chumbi, huko chakula hakitupwi, na mashehe wetu wanapobishana kama kaa analiwa au haliwi, yeye yuko upande wa sufuria.

Nikaona hapa Mungu kanipa njia. Nitampima huyu mtu kwa pistoni. Mtu unaweza kumvalisha kanzu, ukamfundisha kuinamisha kichwa, lakini muulize anataka pistoni gani na kwa nini, utamwona mpaka ndani. Nikamwambia Mzee Kibwana: mwulize mpwa wako achague mwenyewe, za kumimina au za kufuliwa.

Kusema kweli, nilitaka akosee. Naandika hapa kwa sababu sikumwambia mtu. Nilitaka ajibu upuuzi ili nipate sababu ya kusema hapana bila kuonekana mbaya.

Jioni hiyo hiyo jibu likarudi. Mzee Kibwana alikaa juu ya tairi langu la trekta kama sultani, akakohoa. "Mposaji anasema, chochote atakachochagua baba, yeye ameridhia."

Chochote! Mtu anasema chochote kwenye chai ya msibani. Hasemi chochote kwenye injini. Najua ni heshima, najua mkwe hambishii baba mkwe. Lakini mtu asiye na neno kwenye gari lake mwenyewe atakuwa na neno gani nyumbani kwake? Mvua ikivuja kitandani ataridhia?

Nikamrudisha mshenga. Nikamwambia mie sichagulii mwanamume mwenzangu. Achague yeye, aseme na sababu.

Habari ikasambaa, Kibiti haifichi kitu. Jumatatu nzima gereji ikajaa mabingwa. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara kaja kuniambia pistoni nzuri ni zile zinazong'aa. Mwalimu mmoja kanieleza habari ya joto kwa muda mrefu na hakufika popote. Kijana wa bodaboda kanionyesha video kwenye simu, Mzungu anapasua pistoni kwa nyundo, akaniuliza kama mie nimewahi kuiona hiyo. Nikamwambia naiona kila siku, sema mie situmii nyundo, natumia vijana kama wewe. Nikampigia muuza spea wa Dar nimuulize anaweza kuagiza aina gani. Akanijibu, "Mzee, zote si pistoni?"

Nilikata simu kwa ajili ya afya yangu.

Jumanne ndiyo ilikuwa kichekesho. Mzee Kibwana, ambaye alikuwa amelala kwa jamaa zake hapa hapa mjini, kaja na simu. Mposaji yuko kwenye simu, anataka kutoa jibu. Lakini haruhusiwi kusema na mimi. Basi mshenga kaweka simu sikioni, sauti imefunguliwa mwisho, mie nasikia kila neno, mafundi wenzangu wanasikia, mbuzi wa jirani anasikia. Na adabu inataka nikae kimya nisubiri mshenga anirudilie. Nilipogeuka nikamwona Faraji mwenyewe ng'ambo, kwenye kiti cha kinyozi, taulo shingoni, anaongea na simu huku ananitazama kwenye kioo. Macho yetu yakakutana kiooni. Akajifunika taulo uso mzima.

"Mposaji anasema," akasema Mzee Kibwana, "anataka zile za bei ya juu kuliko zote. Zile za mbio zenyewe."

Nimeshasikia, baba. Nimesikia kabla yako.

Basi hapo ikaisha. Huyu ni mtu wa kukisia. Kwanza hana neno, akiambiwa awe na neno analeta neno la gharama. Pistoni za mbio tupu kwenye gari la kubebea kaa! Zitagonga alfajiri mpaka majirani watoke kuuliza nani kafariki. Na kwa nini anazitaka? Kwa sababu ni ghali. Kesho atamtaka mwanangu avae dhahabu mpaka visigino ili watu wa Mbagala waone. Nikamwambia Mama Siwema usiku wa kuamkia jana kwamba jibu langu ni hapana, na kwamba kaa wa mposaji awarudishe.

Mama Siwema hakubishana. Alikwenda uani, akalimwagia maji gunia la kaa, akarudi. "Kuuliza si ujinga, Baba Siwema," akasema. "Lakini wewe huulizi. Wewe unatega." Akavuta khanga yake akalala, akaniacha nimekodoa macho kama fundi wa saa.

Jana nzima nilikuwa natunga namna ya kusema hapana. Hapana ina adabu yake. Unasema binti bado mdogo, au anataka kusoma, au jamaa wa Ngorongo hawajakubaliana. Siwema si mdogo, kasoma akamaliza, na jamaa zangu wa Ngorongo watakubaliana na chochote chenye pilau. Nikaona nitasema tu nyota hazikupatana. Siwema alikuwa anasafisha valvu kwenye beseni la mafuta ya taa, mikono imeloa mpaka viwiko. Hakuniuliza kitu. Nikashukuru kwamba hakuniuliza.

Leo asubuhi, manyunyu hayo hayo, Mzee Kibwana akatokea bila kuitwa. Safari hii hakukaa kwenye tairi. Alisimama wima, mikono nyuma, kama mtoto anayesoma mbele ya mwalimu wa madrasa. Akasema mposaji anaomba msamaha kwa majibu mawili ya mwanzo, kwamba alijibu bila kujua, na sasa ameleta jibu moja la mwisho. Akafumba macho. Akaanza.

Ya kufuliwa, akasema, kwa sababu tabo inabaki na ya kumimina haiwezi kipigo chake. Lakini yenye silikoni nyingi, si ya mbio tupu, kwa sababu gari hili linalala nje na linaamka alfajiri kila siku kwenda Nyamisati. Kichwa cha pistoni kiwe na kibakuli kidogo, mgandamizo wa hewa upungue, mafuta yasiwake kabla ya wakati. Nafasi kwenye silinda iachwe kwa kipimo cha aliyetengeneza pistoni, isibanwe kwa ajili ya masikio ya majirani.

Nikaweka spana chini.

Mzee wa watu alikuwa anatiririka bila kusimama, na nina hakika hakuelewa hata robo. Kibakuli alikitamka kama kibakuli cha uji. Lakini neno halikupotea hata moja. Akavuta pumzi, akamalizia.

"Na asubuhi lisikanyagwe kabla halijapata joto. Pistoni ya kufuliwa asubuhi inagonga kama mgeni mlangoni. Mpe muda, ataingia kimya."

Hayo maneno ya mwisho hayako kwenye video yoyote.

Hayo maneno ni yangu. Siwema alipokuwa mdogo, bado anakuja gerejini na sare za shule, mtu mmoja wa Dar alileta gari la zamani la mbio. Nikaliwasha asubuhi, likagonga, mtoto akaruka nyuma akadhani linalipuka. Nikamshika mkono, nikauweka juu ya kifuniko cha injini asikie. Nikamwambia hivyo hivyo: anagonga kama mgeni mlangoni, mpe muda ataingia kimya. Tukasimama pale mpaka ikanyamaza. Akacheka. Sikumbuki kama nimewahi kumwambia mtu mwingine maneno hayo.

Nilimwambia Mzee Kibwana anisubiri, nikaenda nyuma. Siwema alikuwa ameishika ile pistoni iliyomeguka, anaifuta na kitambaa, pole pole, sijui anaifutia nini maana ni ya kutupa. Nikamuuliza nani kamfundisha yule mzee. Sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka.

Hakuinua uso. "Baba," akasema, "yeye umemuuliza mara mbili. Mimi hujaniuliza hata mara moja."

Loo.

Mie, ambaye siwezi kufunga ringi bila kupima. Mie ninayewacheka mafundi wanaobana injini kwa kuogopa maneno ya watu. Nimempima mposaji, nimempima mshenga, nimewapima kaa chini ya gunia. Mposwa mwenyewe yuko mita chache kutoka kwangu kila siku, ananishikia taa, ananisomea namba, na sijamuuliza. Sheria ya dini inanitaka nimuulize. Hata bila dini, ungedhani ningemuuliza.

Nikamuuliza pale pale, nimesimama kama nguzo ya umeme. "Unamtaka?"

Wasichana wa kwetu wakiulizwa hivyo wananyamaza, na kunyamaza ndiyo kukubali. Siwema hakunyamaza.

"Namtaka," akasema. "Jumanne alinipigia akaniambia, nimejibu vibaya, sielewi kitu, nieleze. Nikamweleza. Alipokosea akarudia, alipokosea tena akarudia. Baba, mimi nimekulia gereji hii na wanaume. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia nieleze."

Hakunitazama aliposema hivyo. Hakuwa na haja ya kunitazama. Mie miaka yote nilimwambia shika, nilimwambia soma namba, nilimwambia safisha. Na huyo mwoga wa nyuma ya banda la mkaa, huyo wa taulo, ndiye aliyemwambia nieleze.

Nimetafuta la kumdharau hapo, nikalikosa. Wallahi nimelitafuta.

Nikatoka mbele. Faraji alikuwepo kwa kinyozi tena. Sidhani kama ana nywele zilizobaki. Aliponiona akaanza kuteremka kwenye kiti, chini, chini, mpaka nikawa naona visigino tu. Nikamwambia Mzee Kibwana aje kesho asubuhi kabla ya kwenda kuwahi boti, achukue kapu lake. Akaniuliza kwa woga litakuwa na kitu ndani au litakuwa tupu. Nikamwambia litakuwa tupu. Mzee alifumba macho tena, akasema alhamdulillahi, akaanza kunishukuru kwa Kindengereko, anachanganya na dua. Nikamwambia aache, namsikia.

Kisha nikapiga kelele uani. "Mama Siwema! Kaa hao wabandike."

Akajibu maji yameshachemka. Yalikuwa yameshachemka kabla sijatoka kwa Siwema. Sijui huyu mwanamke anaishije na mimi.

Wamepikwa kwa nazi, ndimu na pilipili mbuzi, na wali wa Chumbi. Tumekula alasiri, mvua imekata, watu watatu kwenye mkeka, magando yanavunjwa kwa spana ya kumi na nne kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Siwema amelivunja gando la kwanza akaliweka kwenye sahani yangu. 

Bado simpendi mtu huyo. Nataka ieleweke. Suruali yake imechanika magotini na aliinunua ikiwa hivyo. Yale maandishi kwenye kioo nitayabandua mwenyewe kwa wembe, na bomba la moshi nitalibana liwe la binadamu. Na pistoni nitazifunga kwa nafasi yake halisi, ziache zigonge asubuhi, majirani waseme wanalotaka. Akija kulichukua gari nitamwambia, kupitia kwa mshenga, kwamba akilikanyaga kabla halijapata joto nitajua, hata akiwa Mbagala.

Kaa walikuwa watamu. Hilo nalo limeniudhi.

Kesho naagiza pistoni, za silikoni nyingi, zenye kibakuli. Ijumaa ni siku njema ya kuanza kitu. Sasa hivi Siwema na mama yake wako jikoni wanacheka, sijui wanamcheka nani, nadhani najua. Nimetoa mikromita kwenye boksi lake nikaishika karibu na taa, nikajaribu kupima kipande cha pistoni ile ya kutupa. Nikasogeza karibu, nikasogeza mbali. Namba sikuziona.

Mwakani nani atanisomea?